Maswali ya Wasomaji: Je, Mtu Hubadili Jinsia kwa Kuiga?

SWALI: Mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 23, tuliyemlea kama mvulana, ametueleza kwamba tangu utotoni anajijua kuwa mwanamke na sasa anataka kubadili jinsia. Dada yangu analia akidhani kwamba alimdekeza mno, na majirani wanasema kwamba ameiga mambo ya Wazungu. Ni nini kinachomfikisha mtu kwenye uamuzi huu, na kwa nini watu kama hao huchukiwa?
Mjomba mtu, Mombasa

JIBU: Ndugu yetu, kwanza tafadhali mwondolee dada yako lawama. Utafiti haujapata chanzo kimoja cha hali hii. Tafiti za mapacha zinaashiria mchango wa kurithi, na wataalamu wengine huchunguza homoni zinazomfikia mtoto akiwa tumboni. Kuhusu malezi, yafaa kukumbuka yaliyompata David Reimer wa Kanada, aliyezaliwa mvulana mwaka 1965, akaharibiwa uume katika tohara akiwa mchanga, kisha kwa ushauri wa wataalamu akapewa jina la kike, magauni na baadaye homoni, bila kuambiwa ukweli. Hakuwahi kuikubali hali hiyo, na alipoelezwa ukweli katika ujana wake akarudi kuishi kama mwanamume. Kisa cha mtu mmoja hakimalizi mjadala, lakini ikiwa jitihada zote hizo hazikumfanya mvulana ajione msichana, siamini kwamba mapenzi ya mama yangeweza.

Wengi wanaopitia safari hii husimulia dhiki inayozidi wakati wa balehe, sauti inapokuwa nzito na ndevu kuota, huku mwili ukienda mbali na vile wanavyojijua. Wanachotafuta ni nafuu ya dhiki hiyo. Jambo hili ni tofauti na suala la mtu anavutiwa na nani kimapenzi, na kuyachanganya mawili haya ndiko kunakozaa sehemu kubwa ya chuki unayoiuliza. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliiondoa hali hii katika sura ya maradhi ya akili.

Dai la kuiga Wazungu halina nguvu. Mahijra wa India, yaani watu ambao wengi wao walizaliwa wanaume lakini huishi kama wanawake au kama jinsia ya tatu, wamejulikana kwa karne nyingi, na nchini Iran Ayatollah Khomeini alitoa fatwa iliyoruhusu upasuaji wa kubadili jinsia katika miaka ya 1980. Ni kweli kwamba wanazuoni wengi wa Kisunni wanaukataa upasuaji huo kwa mtu ambaye si huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile ya kiume na ya kike, na imamu wenu huenda akasema hivyo. Hata hivyo, hukumu juu ya upasuaji si ruhusa ya kumtukana mtu wala kumfukuza nyumbani kwao.

Chuki hiyo huumiza zaidi inapoingia kwenye karatasi. Audrey Mbugua, mwanamke Mkenya aliyebadili jinsia, alikuwa na cheti cha mtihani wa kidato cha nne chenye jina la kiume, na kila alipotafuta kazi cheti na mwenye cheti havikulingana. Mwezi wa Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi ililiamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya, kisichotaja jinsia. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki kabisa, kwa kuwa alama zilikuwa zake mwenyewe, na hakuna aliyedhurika kwa kuandikwa jina analoitwa.

Kwa sasa, mjomba, muulize mpwa wako kwa upole kama ameshaanza kumeza vidonge vya homoni vya kununua mwenyewe. Estrojeni, homoni ya kike, hukuza matiti, hulainisha ngozi na hupunguza misuli, lakini hairudishi sauti iliyokwisha kuwa nzito; yaweza pia kupunguza uwezo wa kuzaa na, ikitumiwa bila vipimo, kugandisha damu katika mishipa. Daktari wa homoni katika hospitali kubwa ndiye wa kumpima na kumshauri, na si kila mmoja huhitaji upasuaji. Mfuatane kwa daktari, na dada yako akiwa tayari, naye aende akayaulize maswali yake huko.