Kabla ya kuchagua hospitali ya kusomea ubingwa, ulizia habari za usiku

Kila msimu wa maombi simu zinaanza. "Dada, nije Bugando au nibaki Dar?" Nimesomea ubingwa wa magonjwa ya ndani hapa hospitali ya Bugando, Mwanza, miaka 3, kwa hiyo mnajua navutia kwangu. Nami nawarudishia swali: saa 8 usiku mgonjwa akibadilika hali, nani anakuja?

Mkuu wa idara usimuulize hilo, atakusomea ratiba. Mtafute residenti (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa 2 anayetoka zamu, mnywe naye chai.

Mimi sikuuliza. Nilipopangiwa wiki 6 kwenye hospitali ndogo ng'ambo ya ziwa (siitaji jina, waliokuwepo wanaijua), bingwa wa kunisimamia alikuwa kwenye karatasi tu. Siku za mwisho alikuja, akasaini kitabu changu cha mazoezi ukurasa kwa ukurasa, amesimama, funguo za gari mkononi. Niliporudi Mwanza nikamchoma mgonjwa sindano ya uti wa mgongo mara 3 bila kupata maji. Mkubwa wangu akanisogeza pembeni, akamkunja mgonjwa vizuri, magoti kifuani, mgongo ukingoni mwa kitanda. Maji yakatoka mara moja. "Nani alikufundisha kumlaza vile?" Nilikosa jibu.

Hata hivyo sijutii kuvuka. Enzi zile hakukuwa na daraja la Kigongo–Busisi, hili la kilomita 3 lililofunguliwa 2025. Rufaa ilikuwa inasubiri kivuko, na wewe unasubiri na mgonjwa wako, unaamua. Kwa hiyo omba muda kwenye hospitali ya wilaya, ila hakikisha kuna mkubwa anayepokea simu.

Kuhusu Bugando yenyewe: ni hospitali ya rufaa ya kanda, iko juu kilimani, na magonjwa yanayopanda kile kilima kutoka Geita, Simiyu, Mara na Kagera utayaona kwa macho kabla hujayasoma. Selimundu kwa watoto, malaria, na kichocho. Mwaka wangu wa kwanza alikuja kijana wa mwalo (ufukwe wa wavuvi) mmoja wa Magu, anatapika damu beseni zima. Mimi nikakazana na pombe: unakunywa kiasi gani, tangu lini? Hanywi. Sista wa zamu akamsalimia, "Mwangaluka," wakaongea Kisukuma kidogo, akanigeukia: "Dokta, huyu anavua tangu akiwa mtoto." Basi, kichocho cha maji ya ziwa. Mayai ya kichocho huacha makovu kwenye ini, damu ikakosa njia, mishipa ya koo la chakula ikavimba hadi kupasuka. Tangu siku hiyo kila anayetoka pwani ya ziwa namuuliza kwanza anaoga wapi. Na jifunze Kisukuma, hata cha salamu na maumivu. Wazee wengi watakuitikia Kiswahili kwa heshima tu, ugonjwa wenyewe wanauficha kwenye lugha yao.

Mengine kwa ufupi. Ulizia benki ya damu, na usiku vipimo vinarudi baada ya muda gani. Kama unasomeshwa na mwajiri, soma barua ya ruhusa ya masomo mpaka mstari wa mwisho, hasa panapotajwa mshahara. Tasnifu yako ichague kwa wagonjwa wanaojaa wodini kwako. Mwenzangu mmoja alichagua ugonjwa adimu, akaishia kuzunguka wodi zote na daftari tupu.

Na chumba cha kupanga, usipange mbali na kilima. Saa 8 usiku bodaboda ni za kubahatisha.