Jibu: Umeme kwanza au uchumi kwanza?

Mkuu, umeuliza kama Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, mbona uchumi haujaruka. Umeme haukuzi uchumi peke yake. Ila ukikosekana, ndipo unaona kazi yake.

Nakumbuka mgao wa umeme wa 2006 hapa Tanzania, ukame uliposhusha maji ya bwawa la umeme la Mtera. Jirani yetu fundi wa kuchomelea alikuwa anashinda kwenye benchi, vyuma vya geti vimekatwa tayari, anasubiri umeme urudi saa nne usiku. Basi mtaa mzima hatulali kwa kelele za grainda. Wenye jenereta wakapandisha bei, mteja akalipa.

Sasa megawati hata ziwe nyingi vipi, kama transfoma imeungua na inasubiriwa wiki tatu, huyo fundi hafaidiki chochote. Na usisahau, sehemu kubwa ya nishati tunayotumia nchini bado ni kuni na mkaa. Hiyo inaivisha maharage, haizungushi mota.

Kuhusu hoja yako kwamba nchi tajiri lazima itumie nishati zaidi kila mwaka, hapana. Uingereza matumizi yake yameshuka tangu miaka ya 2000 na uchumi umekua. Ila hapo kuna chenga kidogo: bidhaa nyingi wanazonunua siku hizi zinatengenezwa China, makaa ya mawe yanachomwa huko. Sisi viwanda vya kuhamishia kwa wenzetu bado hatuna.