Paa la gari la kulala linagoma kufunga

SWALI: Shikamoo fundi. Gari letu la kulala safarini lina paa la kuinuka lenye turubai pande zote. Kulifungua ni rahisi, kulifunga ni kazi. Mimi ni mfupi. Navuta mkanda mpaka naning'inia, na turubai linavimba kama puto kisha linabanwa ukingoni. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujagusa mkanda, fungua mlango wa ubavuni na zipu za madirisha ya turubai. Kinachovimba ni hewa iliyokosa pa kutokea, na wengi huilaumu bawaba bure.

Kisha zungushia turubai lastiki kwa nje, katikati ya kimo chake, ikaze kidogo tu. Paa likishuka, lastiki italivuta turubai ndani, nawe hutahitaji mkono wa tatu.

Mkanda urefushe, uwe na kitanzi mwishoni. Simama chini yake, shusha mikono hadi kifuani, uzito wa mwili ufanye kazi badala ya mabega. Shokapu za gesi, zile zinazosukuma paa juu, zitakupinga. Atakayekushauri utoe moja usimsikilize, paa litashuka upande.

Bawaba zipulizie silikoni. Grisi hapana, huchafua turubai.

Kabla ya kufunga makomeo, zunguka nje ukague ukingo wote, hasa kwenye kona: turubai likibanwa hapo huchanika, na mvua inaingia. Likiwa limeloa, funga uondoke, lakini ukifika linyanyue likauke, la sivyo litaota ukungu.