Benki zikiachiwa zijipangie riba: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mikopo na bei za nyumba

Mkuu umeuliza mawili kwa mpigo: benki zikiachiwa zijipangie riba zenyewe mkopo unashuka bei au unapanda, na kama kulegeza masharti ya mikopo ndo kulipandisha bei za nyumba Marekani mpaka zikaporomoka na kuleta msukosuko wa 2008, mbona Dar bei zinapanda tu na mikopo ya nyumba yenyewe hatuioni. Mimi nimekaa dawati la mikopo benki miaka kadhaa, nakujibu nilivyoona.

Vijana wengi humu hawajui kwamba baada ya 1967 mabenki yalikuwa mali ya serikali, NBC (Benki ya Taifa ya Biashara) ndo kila kitu, riba inapangwa juu huko serikalini. Sheria ya mabenki ya 1991 ikafungua mlango, 1993 benki binafsi zikaanza kuingia na riba zikaachiwa soko, 1997 NBC ikakatwa vipande ndo NMB ikazaliwa. Sasa cha kushangaza, Benki ya Nyumba (THB) ambayo ndo ilikuwa inakopesha watu wajenge ilikufa 1995, ilishalemewa na mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, na hao wageni walioingia hakuna aliyekimbilia hilo pengo. Kukopesha nyumba kunataka hati, na Dar nusu ya mji watu wana karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Sheria ya mikopo ya nyumba imekuja 2008, TMRC, kampuni inayozipa benki hela za muda mrefu za kukopesha nyumba, 2010, na mpaka leo wenye mikopo hiyo nchi nzima ni maelfu ya kuhesabika.

Kwahiyo benki zilipopewa uhuru zilienda kwenye dhamana rahisi kuliko zote, mshahara wa mtumishi. Mwalimu, nesi, polisi, makato yanakatwa juu kwa juu kabla hela haijamfikia, hatari ya benki ni ndogo mno. Ushindani upo tena mkali, ila haukushindania riba kama vitabu vinavyosema, umeshindania muda. Miaka mitano ikawa sita, saba, wengine wamevuka nane, maana mtu anachouliza ni "kwa mwezi nakatwa ngapi" na sheria inataka abaki na theluthi ya mshahara, ukirefusha muda theluthi inapona na mkopo unakuwa mkubwa.

Piga hesabu hii. Milioni 10, riba 17% kwa mwaka, miaka 7. Rejesho linakuja kama laki 2 na elfu 4 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza katika hiyo hela elfu 141 na ushee ni riba, deni lenyewe linapungua elfu 62 tu. Ukimaliza miaka miwili umeshalipa kama milioni 4.9 na bado unadaiwa milioni 8.2. Hapo sasa ndo afisa anakupigia simu, "mwalimu una nafasi ya top-up", unaongezewa mpaka milioni 10 tena, mkononi unapata 1.8 toa bima na ada, halafu miaka 7 inaanza upya. Nimeona watu wanafika kustaafu hawajawahi kuwa na mwezi hata mmoja bila makato. Na makato yakishagusa ile theluthi, benki haiwezi kuongeza tena, ndo wanaangukia kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa) na zile app za mikopo za simu, mpaka Benki Kuu (BoT) ikafungia app 69 Novemba 2024 kwa kukosa leseni.

Kwenye bei sasa. Marekani wanunuzi wengi wanatumia mkopo, kwahiyo benki zilipoanza kukopesha hata asiye na kipato cha kueleweka na kuuza hayo madeni kwa wengine, hela yote iliangukia nyumba zile zile na bei ikaruka. Huku mkopo wa mwalimu haununui nyumba, unanunua kiwanja Chanika huko pembezoni mwa Dar, tofali, bati, baadae nondo kwa top-up nyingine. Kwahiyo presha unaiona pembezoni, kwenye viwanja na vifaa vya ujenzi, tena imechanganyika na barabara, madalali, hela za wafanyabiashara na za diaspora. Anayekwambia Masaki, mtaa wa matajiri, imepanda sababu ya mikopo ya benki anakudanganya, kule wananunua kesh.

Na riba elekezi ya BoT kushushwa chini ya 6% mwaka 2025 we bado unatozwa 16, 17? Benki haina cha kuogopa, mshahara wako unapitia kwake. Njia pekee ya kushusha riba niliyoona inafanya kazi ni benki nyingine kununua deni lako, na hapo utaona barua ya benki yako ya kuonyesha salio la deni inavyochukua wiki, mara mfumo uko chini, mara meneja kasafiri, halafu ghafla unapigiwa simu kwamba riba yako inaweza kushuka ukibaki. Sasa wakikupigia hivyo usiseme ndio kwenye simu, waambie wakuprintie ratiba ya marejesho mpya uone na muda haujarefushwa.