Kumwandaa kijana mwenye usonji kwa mtihani wa uraia wa Marekani

Karibu kila mzazi anayenipigia simu kuhusu jambo hili huanza na swali lilelile: atayakariri vipi maswali yote yale? Huenda hilo ndilo litakalokupa kazi ndogo kuliko yote. Kijana wetu ni mtoto wa dada yangu, amezaliwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na ana usonji. Maneno yake ni machache, huyatoa kwa wakati wake. Lakini ukimpa kitu chenye mpangilio, hakimtoki kichwani. Maseneta 100, wajumbe 435 wa Baraza la Wawakilishi, majaji 9 wa Mahakama ya Juu: alivijua vyote wakati sisi watu wazima bado tunafunua kurasa. Kilichotutoa jasho ni mahojiano, yaani kukaa kwenye chumba kigeni mbele ya mtu asiyemjua, akiulizwa habari za maisha yake kwa Kiingereza cha kisheria.

Kabla ya hayo, angalia umri wake. Kwa sheria ya mwaka 2000, mtoto mwenye grinikadi (kadi ya ukaaji wa kudumu) ambaye hajatimiza miaka 18, anayeishi hapa chini ya malezi ya mzazi, huwa raia papo hapo mzazi huyo anapopata uraia. Hafanyi mtihani wowote. Kama wako ana miaka 16 au 17 na wewe umeshafikisha muda wa kuomba, peleka ombi lako sasa, usisubiri. Wa kwetu alikuwa ameshapita umri huo mama yake alipoapishwa, kwa hiyo ilibidi aombe mwenyewe.

Kuna na suala la SSI, zile fedha za kila mwezi kwa wenye ulemavu. Aliyekuja kama mkimbizi kwa kawaida huzipata kwa miaka 7 tu, na kama bado si raia zinakatika. Uraia nao mkimbizi anaweza kuuomba baada ya miaka 5, na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, si siku kadi ilipofika kwenye sanduku la posta. Piga hesabu zako mapema.

Sasa uamuzi mkubwa. Watu wanachanganya njia mbili. Ya kwanza ni fomu ya N-648, ambayo daktari au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni hujaza kueleza kwamba ulemavu unamzuia mtu kujifunza Kiingereza, au historia na serikali, au vyote. Ikikubaliwa, anasamehewa sehemu hiyo. Ya pili ni kuomba marekebisho: mtihani unabaki uleule, ila unafanywa kwa namna anayoiweza. Wapo wanaojaza fomu za watu mitaani wanaosema neno usonji peke yake linatosha kwa N-648. Si kweli, daktari lazima aeleze ulemavu huo unamzuiaje huyu mtu kujifunza. Mimi msimamo wangu ni huu: kama kijana kweli hawezi, itumie N-648 bila aibu, imewekwa kwa ajili yake. Kama anaweza, mwacheni afanye. Kusamehewa jambo unaloliweza ni kuambiwa kwamba huliwezi, naye analisikia hilo hata kama hasemi. Na kwa yule ambaye hata maana ya kiapo haiwezi kumwingia, sheria inaruhusu asamehewe kiapo pia, na mlezi wake amwakilishe.

Sisi tulichukua njia ya marekebisho. Kuomba ni bure, kwa simu au kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, na tuliomba kwa kila miadi, kuanzia ya alama za vidole. Tuliandika mambo mahususi: apewe muda zaidi wa kujibu, aulizwe swali moja fupi kwa wakati mmoja, mama yake akae chumbani. Tukaeleza pia kwamba hatazami watu machoni. Hili la macho nawaomba mlichukulie kwa uzito. Kambini hakuna aliyeliona, maana kwetu mtoto kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu. Hapa ofisa anaweza kudhani anaficha kitu.

Kuhusu maswali ya uraia, jueni mtihani wenu ni upi. Ombi lililopelekwa tarehe 20 Oktoba 2025 au baada ya hapo lina orodha ya maswali 128. Ofisa huuliza hadi 20, na kufaulu ni 12. Waliotangulia wana orodha ya 100, huulizwa hadi 10, na kufaulu ni 6. Lakini ofisa husimama mara tu alama ya kufaulu inapofikiwa. Kijana aliyejiandaa kwa maswali 20 akikatizwa baada ya 12 anaweza kuvurugika na kudhani ameharibu. Mfundishe kwamba kusimama huko ndiko kufaulu. Vilevile swali likisema taja mawili, azoee kutaja mawili na kunyamaza, hata kama anayajua yote. Majina yanayobadilika, kama rais, gavana na spika, yawekeni kando na kuyahakikisha upya siku chache kabla ya miadi.

Mwanzoni alijibu vizuri pale tu nilipouliza mimi. Tukawaomba binamu zake, jirani wa juu na mzee mmoja wa kanisani wamsomee maswali, wengine wakayarekodi kwenye simu. Sauti zikawa nyingi, lafudhi nyingi, mpaka ikawa haijalishi tena nani anauliza. Kazi hiyo iwape watu wengi kadiri mnavyoweza.

Sehemu ngumu ni yale maswali ya fomu ya N-400, ile ya kuombea uraia, yanayoanza na “umewahi”. Umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo? Kijana wetu hasemi uongo, hata ule wa kumpendeza mgeni, na siku ya kwanza alifikiri sana kisha akajibu ndiyo, kwa sababu aliwahi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu. Msimfundishe kusema hapana kwa kila kitu. Mfundisheni kila neno linamaanisha nini pale kwenye fomu, kwa mifano, kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kiingereza. Hatari nyingine ni uchovu: akichoka huanza kujibu “yes” kwa chochote. Kwa hiyo tulichanganya maswali ya kweli na mengine kama “umewahi kwenda mwezini?” ili tujue bado anasikiliza. Zaidi ya yote, azoee kusema kwa Kiingereza kwamba hajaelewa, na kuomba swali lirudiwe. Kufanya hivyo si kosa, na ofisa anaweza kuliuliza kwa maneno mengine.

Kwa wavulana: fomu itauliza kama amejiandikisha Selective Service, daftari la wanaume wa miaka 18 hadi 25. Wazazi wengi hudhani ulemavu unamwondolea wajibu huo. Kama anaweza kutoka nyumbani na kutembea mwenyewe, haumwondolei.

Kusoma na kuandika ni sentensi tatu tatu, na moja iliyo sahihi inatosha kwa kila upande. Mara nyingi huandika kwenye kishikwambi kwa kalamu yake, basi azoee kioo, kinateleza kuliko karatasi.

Nendeni kwenye jengo mapema, siku isiyo ya miadi, hata mkiishia nje. Mlangoni kuna ukaguzi, na mkanda huvuliwa. Wa kwetu alivaa suruali ya mpira kiunoni na shati lililokatwa lebo, akabaki na hedifoni masikioni mpaka jina lake lilipoitwa.

Kazi ya mama ilikuwa kunyamaza. Amemjibia mwanawe miaka yote, kwa madaktari, kwa walimu, kwa wageni wa nyumbani. Katika mazoezi tulimkalisha nyuma ya kiti cha kijana ili asiweze kumtafuta kwa macho, na dada yangu akaona ni mateso. Lakini ukimya wake ndio uliompa kijana nafasi ya kutoa jibu, wakati mwingine baada ya muda ambao sisi wengine tungekuwa tumeshakata tamaa.

Mwambieni pia, mapema na kwa utulivu, kwamba asipofaulu sehemu moja ataitwa tena baada ya siku 60 hadi 90, arudie sehemu hiyo tu. Wa kwetu alifaulu maswali yote ya uraia, akanyamaza kabisa kwenye kusoma. Tuliweka tarehe ya pili kwenye kalenda yake siku ileile barua ilipofika, tukaendelea na mazoezi ya kusoma kwa sauti, na safari hiyo alisoma.