Maswali ya wazazi wanaouguza watoto

Swali: Mwanangu wa miaka sita ana selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu. Kila anapolazwa, mama mkwe husema ugonjwa umetoka katika ukoo wetu, nami nimeanza kuamini kwamba nimemdhuru mtoto. (Mama, Kondoa)

Jibu: Mama, selimundu hairithiwi kutoka upande mmoja. Mtoto huipata kwa kupokea vinasaba kutoka kwa mama na kwa baba, ambao mara nyingi wenyewe ni wazima na hawajui kwamba wamevibeba. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumpata mtoto mgonjwa. Siku ya kliniki nenda na mumeo, daktari awaeleze nyote wawili, kisha mumeo ndiye ayafikishe kwa mama yake, kwa kuwa yakitoka kinywani mwako yataonekana ni ya kujitetea.

Swali: Je, ni vibaya kumwacha mtoto wodini na shangazi yake nikalale nyumbani usiku mmoja?

Jibu: Si vibaya. Mwambie mtoto utarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo.

Swali: Tangu binti yetu agundulike ana saratani ya damu sijalia, nahangaika na nauli, vipimo na wachangia damu. Mke wangu anasema sina huruma. (Baba, Kongwa)

Jibu: Kuhangaika huko ndiko kulia kwako, lakini mkeo hawezi kukusoma moyoni. Mwambie kwamba nawe unaogopa.

Swali: Wiki ya tatu sasa silali, chakula hakipiti, na jana niliwaza kwamba heri nisiamke. Muuguzi ameshauri nionane na daktari wa afya ya akili, lakini nachelea watu watasema nimepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. (Mama, Dodoma mjini)

Jibu: Wazo la kutamani kutoamka halisubiri. Mweleze muuguzi huyo leo hii, na usiku usikae peke yako. Kukosa usingizi na hamu ya chakula kwa zaidi ya wiki mbili, pamoja na mawazo kama hayo, huweza kuwa dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ambayo hutibika kwa ushauri nasaha na, inapobidi, kwa dawa. Kuhusu Mirembe, sisi wenyeji wa Dodoma tumeligeuza jina la hospitali hiyo kuwa tusi (nami nililitumia utotoni), ilhali ni hospitali ya taifa ya kutibu watu. Ukishindwa kutamka maneno hayo mbele ya muuguzi, mwonyeshe barua uliyoniandikia.