Kamera na lenzi za kazi za taasisi: maswali yenu na majibu

Tangu wizara zihamie Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kazi za video za taasisi zimeongezeka hapa Dodoma, na vijana wengi wanaonunua kamera yao ya kwanza wanainunua kwa ajili ya kazi hizo. Nimeyachagua maswali yanayojirudia.

Kaka, fedha yangu inatosha kamera ya fulu fremu (yenye sensa kubwa, yaani kile kipande kinachopokea picha) na ile lenzi inayokuja nayo kwenye boksi, au kamera ya sensa ndogo na lenzi nzuri. Kazi zangu ni mahojiano ya wakurugenzi na mikutano. Nichukue ipi? – Msomaji, Kisasa

Chukua ya pili, wala usisite. Lenzi nyingi za boksini hupunguza mwanga kila unapovuta picha karibu. Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikipanda, tundu hufunga na mwanga hupungua. Unaanza na f/3.5, ukifika usoni kwa mkurugenzi uko f/5.6, na ofisi yenyewe ina dirisha moja lenye pazia zito. Hapo utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi picha ijae chenga.

Angalia Sony FX30 iliyotoka mwaka 2022. Sensa yake ni ya APS-C, yaani ile ndogo, inarekodi 4K ya biti 10 (yenye ngazi nyingi za rangi), na ina feni ndani, kwa hiyo hotuba ndefu haiizimishi kwa joto. Ifungie lenzi kama Tamron 17-70 f/2.8 au Sigma 18-50 f/2.8, hizo hubaki f/2.8 mwanzo hadi mwisho wa zumu. Sensa hiyo hukuza kwa mara 1.5, hivyo 17-70 inaona kama 25-105 ingeona kwenye fulu fremu: ukumbi mzima upande mmoja, kichwa na mabega upande wa pili. Bodi ya kamera utaibadilisha baada ya miaka michache. Lenzi nzuri utakuwa nayo bado.

Na 50mm f/1.8 peke yake haitoshi? – Msomaji, Nkuhungu

Kwenye APS-C inakuwa sawa na 75mm. Uso utapendeza sana, lakini katika ofisi ndogo mgongo wako utagota ukutani kabla hujapata meza na bendera kwenye picha. Iwe lenzi yako ya pili.

Nikirekodi ukumbini, picha inakuwa na mistari inayotembea. Kamera yangu ni mbovu? – Dada wa Singida

Kamera yako ni nzima, dada. Umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo taa nyingi hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Kamera nyingi zinazoagizwa kutoka nje huja zimewekwa NTSC, mfumo wa nchi za umeme wa 60Hz kama Marekani, yaani frem 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kila frem hupokea mwanga) 1/60, ambazo hazipatani na taa hizo. Ingia kwenye menyu, weka PAL, mfumo wa nchi za 50Hz, frem 25, shata 1/50. Skrini kubwa ya LED ya jukwaani ina mapigo yake yenyewe, kwa hiyo fika kabla ya wageni, sogeza shata kidogo kidogo mpaka mistari itulie.

Tumepewa kazi ya kurekodi shamba la zabibu Hombolo na eneo la ujenzi. Mchana picha inaungua kwa mwanga. Nifanyeje? – Msomaji, Area C

Unahitaji filta ya ND, ambayo ni miwani ya jua ya lenzi, na kwa Dodoma naihesabu kuwa sehemu ya bei ya kamera. Fanya hesabu: jua la saa sita, ISO 100, shata 1/50, utalazimika kufunga lenzi hadi karibu f/22. Ukitaka f/2.8 ili mkulima ajitenge na mizabibu nyuma yake, punguza stopu 6 (kila stopu hukata mwanga nusu), yaani ND64. Ukirekodi S-Log3, mfumo wa Sony wa picha iliyofifia ya kurekebishwa rangi baadaye, ambayo kwenye FX30 huanzia ISO 800, ongeza stopu 3 juu yake. Ndiyo maana Sony FX6 na Canon C70 zimejengewa ND ndani. Mwenye kazi nyingi za nje afikirie kuzikodi. Filta ya ND ya kuzungusha ili kuongeza au kupunguza giza usiisukume hadi mwisho, utapata alama ya X nyeusi angani.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na ND, na hii ni ya kwetu hasa. Ukifunga lenzi hadi f/16, kila punje ya vumbi iliyo kwenye sensa inajitokeza kama doa. Kiangazi, upepo ukivuma, usibadilishe lenzi nje. Ingia ndani ya gari, funga vioo, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, badilisha haraka.

Sauti ya kamera inatosha kwa mahojiano? – Msomaji, Manyoni

Haitoshi. Mteja anaweza kuvumilia picha ya kawaida, lakini Mkurugenzi asiposikika vizuri video itarudishwa. Nunua maiki ya kubana kwenye nguo kabla ya lenzi ya pili, na manyoya yake ya kuzuia upepo. Omba kiyoyozi kizimwe wakati wa mahojiano. Ukiomba kwa adabu watakubali. Kamera isiyo na tundu la hedifoni usiinunue kabisa kwa kazi hizi, kwa sababu waya ukilegea utajua ukifika nyumbani.

Kongamano la siku nzima, niwe na memori kiasi gani? Nimeona pia kamera iliyotumika, bei nzuri. – Msomaji, Kondoa

Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni GB 45. Saa sita ni GB 270, na mara mbili yake ukirekodi kadi mbili kwa pamoja, jambo ambalo nakusihi ulifanye, maana hotuba ya Waziri haitarudiwa. Hiyo iliyotumika, kabla ya kulipa, iwashe na uibonyeze irekodi mfululizo mbele ya muuzaji. Kamera nyingi za picha za zamani hujikata zenyewe kwenye dakika 29 na sekunde 59. Ikikata, mwachie.